Kazi ya Kumalizia: Historia ya Mashine Inayokandamiza

Chukua kadi ya harusi iliyotengenezwa vizuri uipapase kabla hujaisoma. Majina ya maharusi yana mng'ao wa dhahabu uliozama kidogo ndani ya karatasi. Ua la pembeni limetuna, na ukiigeuza kadi unalikuta limebonyea upande wa pili. Ukingo umekatwa kwa mawimbi ambayo mkasi haungeyaweza. Mkunjo wa katikati umenyooka, wala karatasi haikupasuka. Wino haukuhusika na lolote kati ya hayo. Hayo yote yamefanywa na chuma, joto na nguvu ya kukandamiza. Sisi wapiga chapa tunaiita kazi ya kumalizia, na ndiyo iliyonilea, kwanza katika matbaa ya misheni kusini mwa Tanzania nikiwa kijana, kisha hapa Dar es Salaam, mitaa ya Gerezani na Kariakoo.

Ninaandika kwa ajili ya vijana wanaosanifu kwa kompyuta. Wanakuja karakana na kazi zao kwenye simu, na wengi wana jicho zuri kuliko letu tulipokuwa na umri wao. Wakifika kwenye foili, mwinuko na maumbo ya kukata, huyachukulia kama mapambo ya kuongezwa mwishoni fedha zikibaki. Historia ya kazi hii inasema vingine. Kwa karne nyingi kazi ya kumalizia ndiyo iliyoifanya karatasi iheshimiwe na iaminike.

Tuanzie Mainz, Ujerumani. Johann Gutenberg alipochapa Biblia yake miaka ya 1450, aliacha nafasi tupu mwanzoni mwa sura ili mafundi wa mkono waje wachore herufi kubwa na kutia rangi. Kitabu kilichotoka mashineni kilihesabiwa kuwa hakijaisha. Mwaka 1457 Johann Fust na Peter Schöffer, waliokuwa wamefanya kazi na Gutenberg, walitoa kitabu cha Zaburi chenye herufi kubwa nyekundu na buluu zilizochapwa kwa mashine yenyewe. Mwishoni waliandika majina yao na tarehe. Ni kitabu cha kwanza cha Ulaya kilichochapwa kikiwa na tarehe na majina ya waliokichapa. Waliojivunia umaliziaji wao ndio waliokuwa tayari kutaja majina yao.

Dhahabu ilikuwa na njia yake, na njia hiyo ilipita kwa Waislamu. Katika karne ya 13 mafundi wa Morocco walikuwa tayari wanapamba majalada ya misahafu kwa dhahabu iliyogandishwa juu ya ngozi kwa chuma cha moto. Italia iliipokea sanaa hiyo katika karne ya 15. Fundi alipaka ute wa yai juu ya ngozi, akalaza ukurasa wa dhahabu uliofuliwa mpaka ukawa mwembamba wa kupeperushwa na pumzi, kisha akakandamiza kwa chuma chenye nakshi kilichopashwa moto. Ute uliivishwa na joto ukaishika dhahabu palepale penye nakshi. Kwingine kote dhahabu ilipanguswa kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kikahifadhiwa kwa sababu ya chembe zilizobaki ndani yake.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mafundi wa namna hiyo kabla ya mashine ya kwanza ya kuchapa kufika. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na pia kwa mafundi wake wa ngozi. Mtu aliyeweka msahafu wa Siyu wakfu kwa msikiti alitaka wanaousoma wajue tangu jaladani kwamba wameshika kitu kitukufu. Huyo ni mteja wangu wa leo anayetaka kadi ya ndoa ya mwanawe iwe na uzito mkononi. Haja yao ni moja.

Mashine za kuchapa zilipoingia Zanzibar katika nusu ya pili ya karne ya 19, zilikuja kwa milango miwili. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliofika na Askofu Tozer na Edward Steere mwaka 1864, waliwafundisha kupanga herufi vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa katika shule yao ya Kiungani. Sultani Barghash bin Said naye aliizuru Uingereza mwaka 1875, kisha akaweka matbaa yake mwenyewe iliyochapa vitabu vya Kiarabu vya sheria na dini ya Kiibadhi. Bara, shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ilikuwa na karakana ya uchapaji, na gazeti la Kiongozi lilitoka humo miaka ya mwanzo ya 1900. Kwa hiyo fundi wa Kiswahili ana zaidi ya karne moja mbele ya sanduku la herufi za risasi. Tusikubali kuambiwa kwamba ufundi huu tumeletewa jana.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na kwangu mimi hapo ndipo mahali panapofundisha zaidi katika historia yote ya uchapaji nchini. Uingereza ilifunga bahari, na noti za rupia zilizokuwa zikichapwa Ujerumani hazikuweza kufika. Kuanzia 1915 serikali ya Wajerumani ilianza kuchapa noti zake humuhumu nchini, juu ya karatasi yoyote iliyopatikana, na makarani wakazitia sahihi kwa mkono. Kadiri majeshi yalivyorudi nyuma ndivyo zana zilivyopungua. Noti za mwisho, zenye tarehe ya 1 Oktoba 1917, zilipigwa kwa herufi za mpira za aina ile wanayochezea watoto, na kugongwa muhuri wa tai. Wakusanyaji wa noti huziita za porini.

Wakati huohuo, mwaka 1916, karakana ya reli ya Tabora iligonga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo amesimama mbele ya mlima. Zilitoka 16,198. Mji wa Tabora ukatekwa na Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huohuo. Linganisha vitu hivyo viwili. Noti ya mpira iliaminika kwa amri tu, na amri ilipoondoka ikabaki karatasi. Sarafu ya Tabora iliaminika kwa dhahabu yake, na pia kwa sababu mtu alichonga chuma, akakilinganisha, akakandamiza kwa nguvu isiyoigwa kirahisi. Nakala za cheti na hati zinazogongwa muhuri wa kukandamiza bila wino, ule unaousikia kwa kidole, zinafuata mantiki hiyo hadi leo. Picha ya muhuri inaigwa kwa dakika moja. Mkandamizo unahitaji chuma.

Sasa nije kwenye mashine niliyoishi nayo.

Kabla yake, kazi ndogondogo kama kadi, risiti na tiketi zilifanywa kwa mashine za pleteni. Pleteni ni bamba bapa la chuma linalobeba karatasi na kuikandamiza juu ya herufi; mashine hufunga na kufunguka kama taya mbili. George Phineas Gordon wa New York aliisambaza aina hiyo miaka ya 1850, ikiendeshwa kwa kanyagio la mguu. Fundi aliingiza karatasi kwa mkono wa kulia, akaitoa kwa mkono wa kushoto, na taya zilifunga ziwe zimekuta karatasi au vidole. Wapiga chapa wengi wa zamani walitambulika kwa vidole vyao vilivyokatika.

Mpiga chapa wa Cologne aitwaye Karl Gilke ndiye aliyepata wazo la kuuondoa mkono wa binadamu. Alibuni mikono miwili ya chuma yenye makucha, inayozunguka kama pangaboi. Kampuni ya Heidelberg ilichukua wazo lake na kuionyesha mashine Leipzig mwaka 1914, katika maonyesho makubwa ya vitabu na michoro, miezi michache kabla vita havijaanza. Baada ya vita ikaanza kuundwa kwa wingi, na miaka ya 1920 kampuni ikawa inaizungusha kwenye magari ya maonyesho ili wachapaji waione ikifanya kazi milangoni mwao. Waingereza waliipa jina la kinu cha upepo kwa sababu ya mikono ile. Hadi ilipoacha kuundwa mwaka 1985, zilikuwa zimetoka zaidi ya 165,000, zikaenea dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwamo.

Niliyofundishwa nayo ilikuwa ya ukubwa wa kawaida, ya karatasi ya sentimita 26 kwa 38. Kichwa cha kunyonya hewa huinua karatasi moja kutoka kwenye rundo, kucha la mkono mmoja huipokea, huizungusha hadi katikati ya taya, taya hufunga, hufunguka, na mkono uleule huipeleka kwenye rundo la pili huku mkono mwingine umekwisha kupokea karatasi inayofuata. Saa moja hutoa karatasi hadi 5,000. Sauti yake ni mpumuo wa hewa na mgongano wa chuma vikipokezana, na fundi aliyeizoea akiwa chumba cha pili hujua kwa sauti tu kwamba karatasi zimeingia mbili.

Mzee aliyenifundisha hakuniruhusu kuiwasha kabla sijajifunza kuitayarisha. Nilipanga herufi katika fremu ya chuma, nikajaza nafasi kwa vipande vya mbao, nikafunga kwa kabari mpaka fremu nzima iweze kuinuliwa bila herufi moja kudondoka. Kisha nikachapa karatasi moja, nikaigeuza na kuipapasa mgongoni ili nijue herufi zipi zimegusa sana na zipi hazikugusa. Palipokuwa hafifu nilibandika kipande cha karatasi laini nyuma ya karatasi ya kulalia. Ilikuwa kazi ya asubuhi nzima kwa ajili ya uchapaji wa nusu saa. Alinionyesha pia pete ya usalama iliyo kwenye mhimili, iliyotengenezwa kwa makusudi iwe dhaifu. Ukikandamiza kupita kiasi, pete hukatika ili mashine ipone. Alisema mtu akikata pete mara kwa mara hajui kusikiliza.

Ilipofika miaka ya 1980, uchapaji wa ofseti ulikuwa umeshashika kazi kubwa. Ofseti ilitokana na bahati: mwaka 1904 Ira Rubel, mchapaji wa New Jersey, aliona kwamba picha iliyohamia kwanza kwenye mpira ndipo ikaja kwenye karatasi ilitoka safi kuliko ile iliyochapwa moja kwa moja. Ofseti haikuhitaji herufi za risasi wala asubuhi nzima ya kubandika vipande. Herufi zetu zikaanza kuuzwa kwa kilo ili ziyeyushwe. Wengi walitabiri kwamba pleteni nazo zingekwenda kwenye chuma chakavu, na nyingi kweli zilikwenda.

Zilizobaki ziliokolewa na jambo moja: ofseti haikandamizi. Hugusa tu. Nguvu ya Heidelberg, inayofika tani kama 40, ikawa haina mpinzani katika kazi ambazo wino hauzifanyi. Mafundi wakazitoa rola za wino wakaziweka kando, na mahali pake wakaingiza visu, bloki na joto. Mashine ya kuchapa ikawa mashine ya kumalizia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukata kwa umbo. Chanzo chake kinasimuliwa sana: mwaka 1879 huko Brooklyn, katika kiwanda cha mifuko ya karatasi cha Robert Gair, kipande cha chuma cha kukunjia kilisimama juu kupita kiasi kikakata maelfu ya mifuko ya mbegu. Gair akaona kwamba chuma kirefu kinaweza kukata na kifupi kukunja katika mgandamizo mmoja, na boksi la karatasi linalofika dukani likiwa bapa likazaliwa. Sisi twafanya vilevile. Umbo huchorwa juu ya ubao mnene, hukatwa mfereji kwa msumeno mwembamba, visu vya chuma hukunjwa na kupachikwa, vya kukata vikiwa na urefu wa milimita 23.8, vya kukunja vikiwa vifupi kidogo na vyenye ncha butu. Pembeni ya visu hubandikwa mpira ili uisukume karatasi itoke.

Ya pili ni foili. Ernst Oeser, fundi wa majalada nchini Ujerumani, alipata hataza mwaka 1892 kwa wazo la kuiweka dhahabu juu ya utepe ili ihamie kwenye kitu kwa joto. Foili ya leo ni utando mwembamba wa poliesta wenye tabaka kadhaa: nta inayoachia, rangi, alumini iliyogandishwa kwa mvuke, na gundi inayoamka kwa joto. Hakuna dhahabu ndani yake. Ile rangi ya dhahabu ni rangi ya njano mbele ya alumini. Tunafunga bloki ya shaba au magnesi juu ya bamba la umeme, tunapasha hadi kati ya nyuzi 100 na 150, kisha tunatafuta joto, nguvu na kasi vinavyokubaliana na karatasi ya siku hiyo. Joto likizidi, matundu ya herufi huziba. Likipungua, dhahabu huja na mapengo. Mvua za masika zikileta unyevu karakana, vipimo vya jana havifai tena.

Ya tatu ni mwinuko, unaohitaji vyuma viwili, dume na jike, karatasi ikibanwa katikati. Ya nne, iliyotulisha kuliko zote, ilikuwa namba. Kila duka, hospitali na kanisa lilihitaji vitabu vya risiti vyenye namba zinazofuatana. Tulifunga visanduku vidogo vya chuma ndani ya fremu. Kila taya zilipofunga, alama iliyoinuka mbele ya namba ilisukumwa ndani na gurudumu likasogea mbele moja. Mhasibu aliamini kitabu kwa sababu namba haikuweza kurudi nyuma.

Kisha nyakati zikageuka. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za kutoa risiti za kodi, na oda za vitabu vya risiti zikapungua mwaka hadi mwaka. Kadi za michango ya harusi, zilizokuwa zikitusubirisha karakana hadi usiku, zikaanza kutumwa kwa simu. Karakana kadhaa jirani zilifungwa. Lakini Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, kwetu waliingia wateja wapya: wauza kahawa, asali, sabuni na viungo waliotaka mifuko ya karatasi na maboksi yenye umbo lao. Visu vilirudi kazini. Bidhaa ya Mtanzania iliyokuwa ikiuzwa ndani ya kifuko cha nailoni ikapata boksi lenye jina lililotuna, na nimeona bei yake ikipanda kabla hata mteja hajaonja kilichomo.

Kwa hiyo kijana msanifu, pokea haya kutoka kwa mtu wa mashine. Weka mistari ya kukata, ya kukunja na ya foili kila mmoja kwenye tabaka lake na rangi yake, usiuchanganye na picha. Herufi za foili zisiwe nyembamba kama unywele, wala zisibanane. Mwinuko unataka karatasi nene, kuanzia gramu 250 hivi, na yenye nyuzi zinazovutika. Uliza nyuzi za karatasi zimelala upande gani kabla ya kuchora mkunjo, kwa sababu ukikunja kinyume cha nyuzi wino utapasuka. Acha milimita tatu nje ya kila ukingo unaokatwa. Na juu ya yote, chagua jambo moja la kukandamizwa. Kadi yenye foili, mwinuko, matundu na mng'ao kwa pamoja inapiga kelele, na msomaji hajui ashike nini.

Nimeshaona kazi nzuri ikiharibika kwa sababu aliyeisanifu hakuwahi kuiona mashine itakayoitengeneza. Kosa hilo si la kijana peke yake. Shule zetu za usanifu zinafundisha programu na kuishia hapo, na vyuo vya ufundi vinavyofundisha uchapaji ni vichache mno. Mafundi wanaojua kuitayarisha pleteni wanazeeka, na karakana inapofungwa mashine huuzwa kwa uzito wa chuma wakati ingeweza kufanya kazi miaka 50 mingine. Vipuri bado vinapatikana, visu bado vinakunjwa kwa mkono, foili bado inauzwa. Kinachokosekana ni vijana wa kufundishwa.

Naviomba vyuo vya usanifu na VETA viwapeleke wanafunzi wao karakana, wakae wiki nzima kwenye mashine, wafunge fremu, wabandike karatasi za kulalia, wapapase migongo ya karatasi. Naomba wenye karakana tuwafungulie milango bila kuona wivu wa siri za kazi, maana siri isiyo na mrithi huzikwa na mwenyewe. Na wewe unayesanifu, kabla hujatuma kazi yako inayofuata, nenda kamwone fundi atakayeimaliza, umuulize mashine yake inaweza nini. Ukisanifu ukijua jibu hilo, kazi yako itakuwa bora.